Mapigo Chini ya Themanini

Baba alirudi kutoka semina na konokono kwenye mfuko wa shati.

Hakumtoa mara moja. Alikaa, akavua viatu, akaomba maji, akanywa yote, na muda wote huo mfuko wa shati ulikuwa unasogea wenyewe. Mama alikuwa anakata kitambaa cha sare za shule juu ya meza ya chakula. Akautazama mfuko, akamtazama baba, akarudi kwenye mkasi wake. Aliyeshindwa kuvumilia ni bibi, mama yake baba.

"Wewe mtoto, umebeba nini hicho kinachotembea kifuani?"

"Mtaji," baba akasema, akamweka mezani katikati ya kola za sare.

Alikuwa konokono mkubwa, kama ngumi ya mtoto. Akatoa pembe zake, akatuangalia mmoja mmoja, akaanza safari ya kwenda kwenye chaki ya mama.

Baba yangu ni mwalimu wa udereva. Anakaa kiti cha abiria, chini ya miguu yake kuna breki ya pili, na kila siku ya Mungu watu wazima wenye familia zao wanajaribu kumuua. Wanapanda ukingo wa barabara. Wanakata kona bila kutazama kioo. Kuna mama mmoja alifumba macho kabisa katikati ya mzunguko, akasema ataumaliza kwa imani. Baba hapigi kelele. Anasema, "Tulia, kanyaga klachi," kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Kwa hiyo aliposikia kuna semina ya bure inayofundisha kwamba watu wanapoteza pesa kwa sababu hawajui kutuliza ubongo, alijua kabisa imeandaliwa kwa ajili yake.

Mwalimu wa semina alijiita Daktari wa Pesa. Hakuwa daktari wa kitu chochote, ila alivaa koti jeupe.

"Sikilizeni," baba akasema, akajigonga kichwani. "Humu ndani kuna kipande kidogo kama njugu. Kazi yake woga. Ukiona nyoka, njugu inapiga king'ora, unakimbia, unapona. Vizuri. Sasa taabu ni kwamba ukiona bei imeshuka, njugu haijui tofauti ya bei na nyoka. Inapiga king'ora kile kile."

"Kumbe!" bibi akasema, akajishika kichwa kama vile njugu yake ilikuwa imesogea.

"Halafu kuna upande wa tamaa. Ukiona bei imepanda, unalewa bila kunywa. Na hapa mbele, kwenye paji la uso, ndipo anapokaa dereva. Mwekezaji wa kweli anamwachia dereva usukani."

"Na huyu konokono anakaa upande gani?" mama akauliza.

Baba akacheka kama mtu aliyeshinda. Akaeleza kwamba kila aliyeingia ukumbini alipewa konokono wa kushika mkononi, bure, wakati wote wa semina. Mwisho Daktari wa Pesa akasema anayetaka kurudisha konokono wake arudishe, anayetaka kubaki naye alipe.

"Ukumbi mzima, hakuna aliyerudisha! Unajua kwa nini? Kwa sababu ubongo ukishashika kitu, unakiona kina thamani kuliko kilivyo. Ametueleza mwenyewe, waziwazi."

"Amekueleza kwamba anakufanyia hila, halafu ukalipa?"

"Nimelipa nikiwa najua. Hiyo ndiyo tofauti yangu na wale wengine."

Mama akamnyanyua konokono kutoka kwenye chaki, akamweka juu ya kiatu cha baba.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kampuni inatengeneza mafuta ya uso kwa ute wa konokono. Itanunua konokono kwa yeyote atakayefuga. Lakini kwanza ununue konokono wa mbegu kutoka kwa kampuni hiyo hiyo. Ukutani ukumbini kulikuwa na kitambaa kimeandikwa POLEPOLE NDIO MWENDO, na chini yake karatasi kwamba nafasi zinafungwa Ijumaa.

Pesa tulizokuwa nazo ni za chumba cha duka. Mama anashona sare za shule kwenye kibaraza cha jengo la watu. Mvua ikija kwa pembeni anafunika cherehani kwa mwili wake. Mwenye jengo alikuwa amemwambia chumba cha mbele, chenye mlango wa vioo na taa mbili, atamuuzia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine, akifikisha malipo kabla mwaka wa shule haujaanza. Mama na baba walikuwa wanaweka akiba pamoja tangu nikiwa darasa la tatu. Zilikuwa zimefika karibu yote. Mama alikuwa ameshachagua hata upande wa kioo cha kujipimia.

"Miezi miwili tu," baba akasema. "Tunaziingiza, zinazaa, tunazitoa. Chumba unapata, na pazia juu."

"Hapana."

"Hebu tuamue kwa sayansi."

Akaenda chumbani kwa bibi, akarudi na mashine ya presha. Ni ile ya kuvaa mkanda kwenye mkono, unabonyeza, inavimba, inaonyesha presha na chini yake mapigo ya moyo. Daktari wa Pesa alisema mtu asiamue jambo la pesa moyo ukienda mbio. Mapigo yakizidi themanini, usiguse pochi.

Akajipima yeye kwanza. Sabini na mbili. Akatuonyesha kama anaonyesha leseni.

Akampima mama. Tisini na sita.

"Unaona? Njugu hiyo. Kwa hali hii, mke wangu, huwezi kujadili pesa."

"Yamepanda kwa sababu unaongea!"

"Sasa mia na mbili."

"Nivue mkanda wako huu!"

Akanipima na mimi, sijui kwa nini, mimi sina hata pesa. Mia na nne. Mimi moyo wangu unaenda mbio hata mwalimu akimwita aliyekaa mbele yangu. Baba akaniangalia kwa huruma, akasema nisije nikajaribu biashara maishani.

Halafu bibi. Mkanda ukavimba, ukapumua, ukatoa jibu: hamsini na nane.

Baba akasimama. Nadhani kama angekuwa na kofia angevua.

"Hamsini na nane," akasema taratibu. "Mama, wewe ni mwamba. Huu ndio ubongo uliotulia kuliko wote nyumbani. Tunakusikiliza wewe. Tuingie au tusiingie?"

Bibi akajiweka sawa kwenye kiti. Miaka yote hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya kama ameshakunywa dawa.

"Yule shoga yangu wa nyumba ya tatu mwanawe ameingia," akasema. "Sitaki anicheke. Tuingie."

Mama akamaliza kukata kola moja. Baadaye akasema, "Miezi miwili. Siku moja ikizidi, wewe ndiye utakayekaa kibarazani ufunike cherehani."

Konokono walikuja kwenye trei za udongo, na trei zikawekwa chumbani kwangu kwa sababu ndicho chumba chenye unyevu. Baba alisema ni heshima kulala na mtaji. Nilijifunza mambo mengi. Konokono hulala mchana na usiku hutafuna, na konokono mia mbili wakitafuna kabichi kwa pamoja ni kama kuna mtu anakunja karatasi kwa siri. Wanahitaji maganda ya mayai ili nyumba zao ziwe ngumu, kwa hiyo tulikula mayai mpaka bibi akasema anahisi atatotoa vifaranga. Kulikuwa na amri ya kutoleta chumvi karibu. Asubuhi nilikuwa natikisa soksi kabla ya kuvaa. Siku moja sikutikisa, na mwalimu wa hesabu aliuliza darasa zima ni nani anayetembea kama amekanyaga uji.

Bei ililetwa na kampuni kwa simu kila wiki. Ikaanza kupanda. Ujumbe ukiingia wakati wa masomo, baba alikuwa anamwambia mwanafunzi asimamishe gari pembeni kwanza. Bei ikafika mara mbili ya ile tuliyonunulia. Nyumba ya tatu walitia rangi geti kabla hata ya kuuza chochote.

"Uza," mama akasema.

"Mke wangu, natamani. Lakini nimefurahi mno. Hebu pima." Akavaa mkanda. Tisini na moja. "Daktari wa Pesa alisema furaha nayo ni homa. Hapa nikiuza, nitakuwa nimeuza kwa homa."

"Basi subiri itulie, uuze."

"Ndiyo. Ila ikitulia nitakuwa sina sababu ya kuuza, maana mtu aliyetulia anauza kitu kinachopanda?"

Mama akachukua mkasi wake. Akaenda kushona.

Halafu bei ikasimama. Halafu ikashuka kidogo, kampuni ikasema ni marekebisho. Halafu ikashuka tena na kampuni haikusema kitu. Mtu mmoja aliyewapeleka konokono wake kampuni aliambiwa kiwanda kinafanyiwa usafi. Baba akaacha kulala vizuri. Alikuwa anaingia chumbani kwangu alfajiri kuangalia trei, eti kama wana huzuni.

"Sasa uza," mama akasema. "Bado iko juu kidogo ya tuliyonunulia. Tunarudisha yetu, tunaondoka."

"Siwezi. Ona mwenyewe." Mkanda. Mia na nane. "Huo ni woga safi. Nikiuza sasa ni njugu inauza, si mimi."

"Kwa hiyo ukifurahi huuzi, ukiogopa huuzi. Utauza lini?"

"Nikitulia."

"Na utatulia lini?"

"Bei ikirudi ilipokuwa."

Bibi akaulizwa. Hamsini na saba. Akasema shoga yake hajauza, kwa hiyo naye hauzi. Baba akamshukuru kwa busara.

Mambo yaliharibika siku mama alipompeleka bibi kliniki kuchukua dawa. Alirudi, hajavua hata mtandio, akasimama mbele ya baba na kopo la vidonge.

"Nimemuuliza nesi," akasema. "Nimemuuliza kwa nini mapigo ya mama yako hayafiki sitini hata jirani akipiga yowe. Unajua amejibu nini? Vidonge hivi. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa moyo. Hata ukimwambia nyumba inaungua, moyo wake utasema hamsini na nane!"

Baba akalichukua kopo. Akaligeuza. Akasoma.

"Kwa hiyo hekima yote ile…"

"Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula."

"Nyie, mimi nipo hapa," bibi akasema. "Na hekima ni yangu mwenyewe. Dawa ni ya presha."

Nilidhani mashine ingerudishwa chumbani kwa bibi siku hiyo, na mambo yaishe. Mtu mwingine yeyote angeona kwamba kipimo ni kibovu. Baba alikuwa bado analitazama kopo, na mimi niliyezoea uso wake nikaona amefikia jambo lingine kabisa. Lakini mimi si mtu wa kusema ninachokiona.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya chumba. Mwenye jengo alikuwa amepata muuza simu anayelipa papo hapo, na muuza simu alishaanza kuulizia soketi ziko ngapi. Mama akatoka asubuhi kwenda kumwomba mwenye jengo ampe hata mwezi. Alivaa gauni lake la harusi za watu. Kabla ya kutoka alimwambia baba, bila hasira, na hilo lilitisha zaidi, "Nikirudi mikono mitupu, sijui tutaongea nini tena mimi na wewe."

Bibi akaenda kwa shoga yake. Mimi nikabaki jikoni naosha vyombo.

Simu ya baba ikalia. Nikamsikia, "Ndiyo… wote? … ndiyo, wapo… leo? … karibu sana." Akaja mlangoni, ametoa macho.

"Kuna daktari wa meno. Wa meno kweli, ana kliniki yake. Alikuwa semina ya wiki hii, wamempa namba yangu. Anataka wote, anakuja sasa hivi."

"Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi niko mia na kumi na nne!" Mkanda ulikuwa tayari mkononi. "Siwezi kujadiliana na mtu hivi. Nitaua bei. Nitakubali chochote."

Akaingia chumbani kwa bibi. Nikasikia kopo linafunguliwa. Lile nililoliona usoni kwake siku ile, nikawa sasa nalisikia.

"Baba, hiyo ni dawa ya bibi."

"Nusu tu." Kopo likatikiswa tena. "Kimoja, kwa sababu mimi ni mzito kuliko yeye."

Akaja kukaa kwenye kochi, mkanda mkononi, akawa anabonyeza mashine kila baada ya muda na kunisomea. Mia. Tisini na mbili. Themanini na tano. Alitabasamu kama gari lililopanda mlima likaanza kuteremka. Sabini na tano. "Sasa naona kila kitu," akasema. "Dereva amekaa." Sitini na nane. Akaegemeza kichwa. Sijui ni kidonge au ni ule usingizi wote wa alfajiri aliokuwa anawadai konokono, lakini ilipofika sitini na tatu alikuwa anakoroma.

Hodi ikabishwa.

Nikamtikisa. "Baba. Baba! Amefika."

"Tulia, kanyaga klachi," akasema, akageukia ukuta.

Nikafungua mlango. Daktari wa meno alikuwa mtu mnene mwenye mikono misafi kuliko yote niliyowahi kuona, na kwenye kopo la maziwa lenye matundu alikuwa na konokono wake wa semina. Nikamwamkia. Nadhani nilimwamkia, midomo ilicheza.

"Marahaba binti. Baba yupo?"

Nikasogea pembeni aone mwenyewe. Akamwona baba kwenye kochi, mdomo wazi, mkanda wa presha mkononi.

"Anaumwa?"

Nilitaka kueleza. Maneno yote yakagombania mlango, likatoka moja. "Ametulia."

Daktari wa meno akamtazama baba kwa muda mrefu.

"Bei imeshuka hivi," akasema polepole, "mji mzima wanakimbia huku na huku, na yeye amelala." Akatikisa kichwa. "Huyo sasa ndiye mwekezaji. Huyo anajua kitu. Nani ninazungumza naye?"

Hapakuwa na mwingine. Nikampeleka chumbani. Akainama juu ya trei, akawahesabu kwa midomo, akanusa udongo. Akataja bei. Ilikuwa chini kidogo ya tuliyonunulia. Mimi nilikuwa tayari, wallahi, nilitaka kusema sawa. Lakini mimi nikiwa na mgeni koo langu linakuwa kama bomba lililoingia hewa. Nikawa naangalia soksi zangu.

"Aa," akasema. "Ndogo, eh? Haya." Akaongeza.

Sasa ilikuwa sawa na yetu. Nikavuta pumzi ili niseme ndiyo. Akaiona pumzi.

"Usinigunie, binti, mimi ni mtu mzima. Haya, hivi." Akaongeza tena.

Nikaona hapa nanyamaza kama mwizi. Huyu mtu hajui. Nikakaza mikono nyuma ya mgongo, nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu nisiyemjua: "Daktari, bei inashuka. Kampuni haijanunua konokono hata mmoja, wanasema kiwanda kinasafishwa. Sisi tunauza kwa sababu tunaogopa."

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka kopo la maziwa likatikisika.

"Nani amekufundisha biashara, wewe mtoto? Unamkatisha mteja tamaa ili mbaki nao wenyewe! Na baba amejilaza pale kama hana haja!"

"Hapana, ni kweli. Muulize hata…"

"Sikiliza nikufundishe na mimi. Watu wakiogopa, mtu mwenye akili ananunua. Kila mtu amesema anaogopa, kwa hiyo mimi ninunue. Ni hesabu nyepesi." Akataja bei nyingine. "Na hapo usinitolee macho. Sina zaidi."

Sikuwa namtolea macho. Nilikuwa nataka kulia.

"Sawa," nikasema. Hatimaye lilitoka, limechoka kabisa.

Akalipa taslimu, kwenye bahasha ya kliniki yenye picha ya jino linalocheka. Tukabeba trei mpaka garini kwake, mimi na yeye, na tulipita mbele ya baba mara saba. Kila mara daktari alinyata kwa heshima.

Alipoondoka nilikaa sakafuni na bahasha mapajani. Ilikuwa inatosha. Ilikuwa inatosha chumba, na inabaki ya pazia.

Baba aliamka kwa sababu ya kimya, nadhani. Akaenda kuangalia trei, akarudi mbio.

"Wako wapi?"

"Nimeuza."

"Umeuza! Kiasi gani?"

Nikamtajia. Akakaa. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Unajua mwezi uliopita walikuwa wanafika ngapi? Unajua? Karibu mara mbili ya hiyo! Umeniingiza hasara, mwanangu. Nusu nzima imepotea!"

"Lakini baba, tulinunua chini ya hapo."

"Hiyo si hesabu! Unahesabu kutoka kileleni!" Akaanza kutafuta simu kwenye matakia ya kochi. "Nampigia arudi. Tunamrudishia pesa yake, tunachukua konokono wetu. Ile bei itarudi, mimi najua, nimeiota hapa hapa."

Nikasimama kati yake na simu. Sikujua kwamba nimesimama mpaka nikaona baba ameshindwa kupita. Niliweka bahasha nyuma ya mgongo, na moyo ulikuwa unanipiga masikioni kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Binti, nipe bahasha."

"Hapana."

Sijawahi kumwambia baba hapana. Hata yeye alishtuka, akarudi nyuma hatua moja kama aliyeona taa nyekundu.

Mama akaingia wakati huo. Gauni la harusi lilikuwa na vumbi pindoni. Hakusema mwenye jengo amemjibu nini, uso ulikuwa umeshasema.

"Muuza simu anapima ukuta," akasema. "Mwenye jengo amenipa mpaka saa tisa, kwa kunionea huruma." Halafu akatuona tulivyosimama. "Kuna nini?"

"Kuna bahasha," nikasema, nikampa.

"Usiifungue!" baba akasema. "Kuna makosa yamefanyika, namwita mtu arudi, nyie ngojeni tu, msiwe na haraka…"

Mama alishaifungua. Alitazama ndani, akatazama chumbani kwangu kulikokuwa kweupe bila trei, akanitazama mimi. Halafu akamwendea baba, ambaye bado alikuwa na mkanda mkononi, akabonyeza kitufe. Mashine ikavimba, ikapumua. Sote tukasubiri. Hata baba alisubiri, kwa mazoea.

"Tisini na sita," mama akasoma; hata kidonge cha bibi kilikuwa kimeshindwa. "Kaa chini, baba. Huwezi kujadili pesa kwa hali hii."

Akatoka. Tulimsikia akikimbia, na mama yangu hakimbiagi.

Bibi aliporudi akakuta kidonge kimoja kimepungua. Alichomwambia baba siwezi kukirudia, ila kilianza na siku aliyozaliwa. Nesi wa kliniki naye akamwambia dawa ya mtu si pipi, angeweza kuanguka na kuvunja kiuno.

Kampuni ya ute ilizima simu wiki mbili baadaye. Kule ukumbini wakabadilisha kitambaa, sasa ni semina ya uyoga. Nyumba ya tatu wana geti zuri sana.

Baba siku hizi anawaeleza wanafunzi wake, wakiwa wamesimama kwenye taa, kwamba kwenye uwekezaji jambo kubwa ni kujua muda wa kutoka. "Nilijua itaanguka," anasema. "Nilimwachia binti makusudi. Mnunuzi akiona mtu mzima anabembeleza, atashusha bei. Mimi nikajilaza." Nilimsikia mwenyewe. Na kitu cha ajabu, hasemi uongo. Anakumbuka hivyo kabisa. Ukimpima wakati anasimulia, naapa utakuta sabini na mbili.

Juzi nilikuwa dukani kwa mama baada ya shule, napanga sare za wavulana upande wa kioo. Taa zote mbili zinawaka. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri mwanafunzi. Mlango wa vioo ukafunguliwa, akaingia daktari wa meno.

Nilitamani kuingia ndani ya sanduku la vifungo. Baba akasimama, nadhani ili akimbie.

Lakini daktari alikuwa anatabasamu. "Mwekezaji!" akamwambia baba, akampa mkono. "Na binti mkali wa bei! Nimekuja kwa mama. Nataka chandarua cha kufunikia banda. Kikubwa. Sasa hivi watu wanawatoa konokono karibu bure, nimewachukua wa nyumba ya tatu wote, na wa mtaa wa pili."

Mama akaweka chini sindano. "Daktari, mimi nitakuambia ukweli, hata kama unanikosesha kazi. Hao konokono hawana soko. Kampuni imekufa."

"Ndiyo maana ni rahisi!" akasema kwa furaha. "Mama, ukishakuwa na wengi kiasi hiki huwezi tena kuacha, ukiacha utakuwa umepoteza wale wa kwanza."

Mama akanitazama mimi. Nami nikatikisa kichwa: nilishajaribu.

Upande wa benchi, baba alikuwa ameinua shingo. "Karibu bure?" akauliza. "Yaani kwa mfano, trei moja…"

"Wewe," mama akasema, akamtupia ncha ya tepu ya kupimia. "Shika hapa. Nenda nayo mpaka kule mlangoni, na ukifika kule usigeuke." Halafu akamgeukia daktari kwa upole wote wa mwenye duka. "Mita ngapi, daktari? Na malipo yangu nachukua yote kabla ya kukata kitambaa."